Mstari wa Milimita Mia

Kazi yangu ni rula.
Saa tatu asubuhi Oulu ingali gizani,
natundika koti lenye theluji mabegani,
nachana bahasha,
napima.

Kila karatasi ina mstari wa milimita mia.
Mwanzoni tumeandika: *Siumwi hata kidogo.*
Mwishoni: *Siwezi kuumwa zaidi ya hapa.*
Mgonjwa hukata mstari kwa penseli pale alipo,
nami humgeuza tarakimu.

Hilppa, miaka kumi na mitatu,
siku ya pili tangu afungwe waya:
themanini na saba.
Pembeni kachora mkate mweusi wa kwao,
ule mgumu, wenye tundu katikati,
na chini yake neno moja: *Kwaheri.*

Eerikki yeye alikata thelathini tu.
Hojaji yetu ina kurasa nne.
Kuna kutafuna, kuna usingizi,
kuna ulimi kujikwaa kwenye herufi ya s,
kuna wenzako shuleni walisemaje.
Tarumbeta hamna.
Basi akaandika nyuma ya karatasi, kwa mwandiko wa kubanana:
*Siku ya tamasha nilisimama safu ya nyuma,
nikatunisha mashavu, nisipulize.
Hakuna aliyejua. Hicho ndicho kilichouma.*
Nililaza rula juu ya maneno yake.
Sentimita kumi na moja na nusu, mstari wa mwisho peke yake.
Sikujua niziandike kwenye safu gani.

Na Taisto Kemppainen, fundi bomba mstaafu,
miaka sitini na miwili, vyuma juu na chini.
Mkewe alimuuliza: unajipamba uende wapi, makaburini?
Hakumjibu. Alimkenulia tu,
jikoni kukamemetuka.
Jino la pembe si dawa ya pengo,
wahenga walikwisha kata shauri;
waya hawakuujua.
*Picha arobaini na nne nimefumba mdomo,* ameandika.
*Nimezihesabu.*
Swali la kumi na nne: unauonaje uso wako kwenye kioo?
Penseli yake ilitoka mbio, ikafika mia, ikapita,
ikasimama kwenye weupe, nje ya mstari,
milimita tisa mbele.

Daktari Rautiainen alivua miwani.
"Andika mia. Mstari ukiisha, umeisha."
Niliandika mia.
Zile tisa ninazo mimi.

Wiki sita baadaye karatasi zinarudi.
Hilppa: kumi na mbili.
Mkate umechorwa tena, safari hii
unaogelea ndani ya bakuli la maziwa.

Machi, barafu ya mtoni ikianza kulia usiku,
tulikokotoa wastani.
Wastani wa maumivu: arobaini na moja.
Nilipitia watu wote mia moja na sita,
jina kwa jina, hadi mlinzi akaja kuzima taa.
Hakuna hata mmoja aliyekaa kwenye arobaini na moja.
Ni nyumba tuliyoijenga kwa mbao za watu
na hakuna anayelala humo.

Nikapeleka ombi kikaoni: tuongeze swali la tarumbeta.
Wakaniuliza, na wa filimbi?
Na anayebusu kwa mara ya kwanza?
Na yule anayesali kwa sauti?
Wakaniuliza, hayo utayapima kwa nini?
Walikuwa na haki. Rula yangu ya plastiki
niliinunua kwenye duka la vifaa vya shule,
ina twiga mdogo pale kwenye sifuri.

Nikasema: basi upande wa nyuma
uachwe mweupe, msichapishe kitu.
Wakakubali haraka,
kwa kuwa hakugharimu chochote.

Tangu hapo, nikichana bahasha,
kabla ya rula, kabla hata ya kuvua glavu,
naanza nyuma.